Pima Kabla ya Kununua: Majaribio ya Mboga katika Mashamba ya Wanachama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa mboga)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo hutajwa mara nyingi katika mikutano ya ushirika, na aghalabu huhusishwa na fedha: stakabadhi, hati za malipo na kitabu cha benki. Lakini kwa chama cha wakulima wa mboga, mali haimo katika kasha la fedha tu. Imo pia shambani, katika mbegu, mbolea na dawa ambazo chama huzinunua kwa mkopo na kuwagawia wanachama. Chama chaweza kuwa na vitabu safi, kila shilingi ikionekana ilikokwenda, na bado wanachama wakapata hasara, kwa kuwa shilingi hizo zilinunua kitu kisichoongeza hata tenga moja la nyanya.

Mazungumzo haya yahusu njia ya kuzuia hasara ya namna hiyo, nayo ni majaribio ya shambani. Wako wanaodhani kwamba majaribio ni kazi ya wataalamu wa vituo vya utafiti peke yao. Sivyo. Chama cha msingi chenye mizani, kamba, daftari na wanachama waaminifu chaweza kufanya jaribio litakalowaongoza wanachama wake wanunue nini na waache nini.

Ushuhuda wa mkutanoni

Kila msimu kabla ya kupandikiza miche, wauzaji wa pembejeo huwatembelea viongozi wa vyama. Mmojawapo huja na chupa ya mbolea ya maji ya kunyunyizia majanini, ile ambayo wakulima wengi huiita busta, pamoja na picha ya shamba lililostawi. Katika mkutano, mwanachama mmoja huinuka na kushuhudia kwamba msimu uliopita aliitumia, naye akavuna kuliko miaka yote. Wajumbe hupiga makofi, hoja hupita, na katibu huagizwa kuandika oda.

Hapo hapana aliyesema uongo. Mwanachama yule alivuna kweli. Lakini hakuna mtu mkutanoni ajuaye shamba lile lingetoa kiasi gani bila busta. Huenda msimu huo maji ya mfereji hayakukatika. Huenda alitia samadi ya kutosha, au alilima mahali palipokuwa pamepumzishwa kwa misimu miwili bila kupandwa nyanya. Ushuhuda wake ni wa kweli, ila hauna cha kulinganishwa nacho, na kwa hiyo haupimiki.

Gharama yake si ndogo. Chukulieni chama cha mfano chenye wanachama 120, kila mmoja akilima nusu ekari ya nyanya. Jumla ni ekari 60. Ikiwa busta itagharimu shilingi 60,000 kwa ekari kwa msimu, chama kitakopa shilingi 3,600,000. Mkopo huo utakatwa katika malipo ya nyanya, busta iwe imefanya kazi au haikufanya. Muuzaji atakuwa amekwisha kulipwa. Watakaosimama mbele ya mkutano mkuu na kuulizwa ni wajumbe wa bodi na katibu.

Kanuni tatu

Mwaka 1843, huko Rothamsted nchini Uingereza, John Bennet Lawes na mkemia Joseph Henry Gilbert walianza jaribio la ngano katika shamba liitwalo Broadbalk. Waliligawa shamba katika mikanda mirefu iliyotiwa mbolea za namna mbalimbali, na mkanda mmoja wakauacha bila mbolea yoyote. Jaribio hilo linaendelea hata leo. Mkanda usiotiwa kitu ndio uliotoa maana kwa mikanda mingine yote, maana ndio ulioonyesha udongo wenyewe, peke yake, waweza kutoa nini.

Mwaka 1919 mwanahisabati Ronald Fisher aliajiriwa hapo hapo Rothamsted kuchambua hesabu zilizokusanywa kwa miaka mingi. Katika miaka iliyofuata alifafanua kanuni ambazo hata sasa hufuatwa na watafiti wa kilimo duniani kote. Kwa lugha nyepesi, kanuni hizo ni tatu.

Ya kwanza ni kulinganisha. Kando ya kila kipande kinachopewa kitu kipya, hapana budi kiwepo kipande kinachotunzwa kwa namna iliyozoeleka. Vipande hivyo viwili vifanane katika kila jambo: mbegu, tarehe ya kupandikiza, samadi, maji na palizi. Vitofautiane katika jambo moja tu, lile linalojaribiwa.

Ya pili ni kurudia. Kipande kimoja dhidi ya kimoja hakitoshi, kwa sababu udongo haufanani hata ndani ya shamba moja. Mahali palipokuwa zizi la ng'ombe, mahali palipochomwa takataka, mahali maji yanapotuama, kila pahali huzaa kwa namna yake. Vipande virudiwe walau mara nne.

Ya tatu ni kupiga kura. Mwenye shamba asichague kipande kipi kipewe kitu kipya. Akichagua, hata bila kukusudia, atakipeleka kitu kipya mahali pazuri na kuacha pabaya pawe pa kulinganishia. Sarafu irushwe mbele ya watu, na jibu la sarafu lifuatwe.

Kanuni hizi si ngeni hapa nchini. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1934, na aina za kahawa walizozijua wazee wa ushirika wa kahawa zilichaguliwa kwa majaribio ya miaka mingi. Kwa upande wa mboga, kituo cha Tengeru mkoani Arusha, kikishirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kiliwapatia wakulima aina za nyanya za Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997. Sifa yao haikuwa uzito peke yake. Ganda lao ni gumu, hivyo nyanya hustahimili safari na kukaa sokoni muda mrefu zaidi. Mtafiti anayepima kilo tu siku ya kuvuna hawezi kuiona sifa hiyo.

Kupanga vipande

Jaribio jema huanza kwa swali moja. Kwa mfano: je, nyanya zinazonyunyiziwa busta hutoa kilo nyingi zaidi za daraja la kwanza kuliko zisizonyunyiziwa? Chama kinachotaka kujua mambo matano kwa mara moja, yaani mbegu mpya, nafasi mpya, mbolea mpya, dawa mpya na umwagiliaji mpya, kitamaliza msimu bila kujua hata moja, kwa kuwa hakitaweza kusema ni lipi kati ya matano lililoleta mabadiliko.

Kwa swali hilo la busta, vipande vinane vyatosha: vinne vyenye busta na vinne visivyo nayo. Vipangwe viwili viwili katika mafungu manne. Vipande viwili vya fungu moja vikae pamoja, vikiwa umbali sawa kutoka mfereji mkuu, ili kimoja kisipate maji kuliko mwenzake. Sarafu irushwe mara nne, mara moja kwa kila fungu.

Kila kipande kiwe na urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Miche ikipandikizwa kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari na sentimita 50 kati ya mche na mche, kipande kitakuwa na mistari 5 yenye miche 8 kila mmoja, yaani miche 40. Lakini si miche yote itakayopimwa. Mistari miwili ya pembeni na mche wa mwanzo na wa mwisho wa kila mstari huachwa, kwa sababu miche ya ukingoni hupata jua na nafasi zaidi, tena huweza kudondokewa na busta inayopeperushwa kutoka kwa jirani. Itakayopimwa ni mistari mitatu ya katikati yenye miche 6 kila mmoja, jumla miche 18, katika eneo la mita za mraba 5.4.

Jambo moja dogo lisisahauliwe. Busta huchanganywa na maji, na maji yenyewe huburudisha mmea wakati wa kiangazi. Kwa hiyo vipande visivyo na busta vinyunyiziwe maji matupu, siku ile ile na kwa kiasi kile kile.

Kusoma hesabu

Chukulieni sasa mfano wa hesabu za mwisho wa msimu, kilo za daraja la kwanza zilizopatikana katika miche 18 ya kila kipande. Fungu la kwanza: bila busta kilo 14, kwa busta kilo 17. Fungu la pili: bila busta 13, kwa busta 12. Fungu la tatu: bila busta 11, kwa busta 12. Fungu la nne: bila busta 10, kwa busta 9.

Mtu aliyetembelea fungu la kwanza peke yake ataondoka akiwa ameshawishika kabisa, maana ameona kilo 3 zaidi. Lakini katika fungu la pili na la nne, busta ilishindwa. Ukijumlisha yote, vipande visivyo na busta vilitoa kilo 48, wastani wa 12 kwa kipande. Vyenye busta vilitoa kilo 50, wastani wa 12.5. Tofauti ni nusu kilo.

Hapo ndipo pana mtego. Muuzaji atachukua nusu kilo hiyo na kuizidisha. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Ukigawanya kwa 5.4 unapata karibu 749. Nusu kilo mara 749 ni karibu kilo 375 kwa ekari. Takwimu hiyo ikiandikwa ubaoni hung'aa, na hesabu ya kuzidisha haina kosa. Kosa limo katika kile kilichozidishwa. Tazameni vipande visivyo na busta peke yake: vilitunzwa sawasawa, lakini kimoja kilitoa kilo 14 na kingine 10. Udongo na maji pekee vilileta tofauti ya kilo 4 mahali ambapo hapakuwa na busta kabisa. Nusu kilo inayopatikana kwa kupanda hapa na kushuka pale haiwezi kutenganishwa na bahati. Na bahati ikizidishwa mara 749 hubaki kuwa bahati.

Hesabu zingekuwa na sura nyingine kama vipande vyenye busta vingetoa kilo 16, 15, 13 na 12. Hapo busta ingezidi kwa kilo 2 katika kila fungu, lenye udongo mzuri na lenye udongo hafifu. Matokeo ya namna hiyo yastahili kuaminiwa kiasi cha kurudiwa msimu wa pili, na baada ya hapo kilo zilizozidi zilinganishwe kwa shilingi na gharama ya busta pamoja na kazi ya kunyunyizia. Yawezekana mavuno kuongezeka na faida isiongezeke.

Ubora nao hupimwa

Soko la mboga halinunui uzito peke yake. Kwa hiyo mavuno ya kila kipande yatengwe kwa madaraja kabla ya kupimwa: daraja la kwanza, daraja la pili, na zisizouzika. Zisizouzika nazo ziandikwe sababu yake, kama vile kupasuka, kuoza kitako au kutobolewa na wadudu. Kuoza kitako ni mfano mzuri wa faida ya kuandika sababu. Mkulima anapoliona doa jeusi chini ya nyanya hukimbilia dawa ya ukungu. Lakini hali hiyo hutokana na upungufu wa madini ya kalsiamu katika tunda, na aghalabu huletwa na maji yasiyokuwa na mpango, leo mafuriko na kesho ukame. Jaribio la kulinganisha umwagiliaji wa vipindi sawa pamoja na matandazo ya nyasi, dhidi ya mazoea ya zamani, halihitaji chupa yoyote ya dawa.

Vitunguu vyahitaji uvumilivu zaidi. Mbolea nyingi ya naitrojeni inayotiwa mwishoni mwa msimu hufanya majani yastawi na shingo ya kitunguu kuwa nene. Shingo hiyo haikauki vema, na kitunguu huozea ghalani. Kipande kilichoshinda kwenye mizani siku ya kuvuna chaweza kushindwa baada ya miezi miwili. Basi jaribio la mbolea ya vitunguu lisifungwe siku ya kuvuna. Kilo kadhaa za kila kipande zihifadhiwe pamoja, kisha zipimwe tena wakati ambao wanachama huuza. Kadhalika nafasi finyu huleta vitunguu vingi vidogo, na nafasi pana huleta vikubwa vichache. Nafasi iliyo bora haiwezi kuamuliwa na mizani peke yake. Wanunuzi wa soko la chama hicho waulizwe wanalipia kipi.

Kwa wadudu warukao, tahadhari yahitajika. Nondo wa nyanya aitwaye kantangaze, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini na aliyeonekana hapa nchini mwaka 2014, huruka kutoka kipande hadi kipande, na kiwavi wake hula ndani ya jani asikofikiwa kwa urahisi na dawa. Vipande vidogo vya kando kwa kando vitadanganya. Majaribio ya viuatilifu yafanywe kwa vipande vikubwa na chini ya afisa ugani, na siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna zifuatwe kama zilivyoandikwa kwenye kibandiko. Aidha, jaribio la chama si mahali pa kupitishia kitu kisichosajiliwa. Mbegu iwe imethibitishwa na TOSCI, mbolea iwe imesajiliwa na TFRA, na kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na TPHPA. Kitu kisicho na usajili kirudishwe mlangoni.

Mwanachama anayetoa shamba

Majaribio mengi huharibikia mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwanachama aliyetoa shamba lake ni mkulima hodari, na watu hupita njiani wakitazama. Vipande visivyopewa kitu kipya vikianza kuonekana hafifu, yeye huona aibu. Jioni moja huchukua bomba na kuvisaidia kidogo, kwa nia njema kabisa. Kuanzia jioni hiyo hakuna jaribio tena, na kwa kuwa hakuna aliyeona, chama kitasoma hesabu za uongo kikidhani ni za kweli.

Dawa ya jambo hili si ukali. Ni makubaliano yanayoandikwa mapema. Bodi ipitishe kwamba, iwapo vipande vya kulinganishia vitatoa pungufu kuliko vile vya kitu kipya, chama kitamlipa mwanachama thamani ya upungufu huo. Kwa vipande vinne vya mita za mraba 12 kila kimoja, malipo hayo ni madogo mno mbele ya mkopo wa shilingi 3,600,000. Kisha kibao kisimikwe kando ya njia: Kipande hiki kimeachwa makusudi kwa ajili ya kipimo cha chama. Kibao hicho huondoa aibu, na zaidi ya hayo huwafundisha wapitao.

Tena, wanaovuna waelezwe. Mara nyingi mwenye jina katika kitabu cha wanachama siye avunaye. Anayevuna ni mkewe, watoto au vibarua. Mwenye shamba akiwa safarini na wavunaji wakachanganya nyanya za vipande vyote katika tenga moja, kazi ya miezi minne hupotea katika asubuhi moja. Matenga ya vipande yafungwe vitambaa vya rangi mbalimbali, na mke wa mwanachama aalikwe katika mafunzo pamoja na mumewe. Yeye ndiye atakayekuwa kwenye mizani. Na mizani yenyewe itumike kweli, kwa maana tenga la mtu mmoja si sawa na tenga la mwingine.

Kazi ya katibu na ya chama kikuu

Katibu afungue daftari moja la majaribio. Ukurasa wa kwanza uwe na swali, ramani ya vipande na matokeo ya kura, ukiwa umetiwa sahihi siku ile ile na mwenye shamba na mashahidi wawili. Kurasa zinazofuata ziwe na tarehe za kupandikiza, mbolea, maji, unyunyiziaji na kila mchumo. Kosa likitokea, ng'ombe wakaingia au maji yakakatika, liandikwe. Lisifichwe wala lisisahihishwe kwa kubuni. Jaribio lenye kasoro iliyoandikwa lina faida kuliko jaribio safi la kutunga.

Matokeo yasomwe katika mkutano mkuu na kuingizwa katika kumbukumbu, hata yakiwa ni kwamba kitu kipya hakikusaidia. Vyama vingi hunyamaza vikipata jibu la namna hiyo, kana kwamba vimeshindwa. Kumbe jibu hilo ndilo lililookoa shilingi 3,600,000 katika chama cha mfano. Likinyamaziwa, bodi ijayo itanunua chupa ile ile kwa makofi yale yale.

Mwisho, jambo hili laonyesha nguvu ya ushirika yenyewe. Mkulima mmoja hawezi kurudia jaribio katika udongo wa aina nane. Vyama vinane vinavyouliza swali moja katika msimu mmoja, kwa mpango mmoja wa vipande, kisha vikapeleka madaftari yao kwa chama kikuu ili yajumlishwe, vinaweza. Kila chama kitachangia vipande vichache, na kila chama kitapata jibu ambalo kisingelipata peke yake.

Kabla ya msimu ujao, kila bodi na ikubaliane juu ya swali moja, shamba moja na daftari moja. Muuzaji atakapokuja na chupa yake, apokewe kwa heshima na aombwe kiasi cha kutosha vipande vinne. Aliye na hakika na bidhaa yake hatakataa.